Sikio la Wifi

Kuna watu wanaozaliwa na ulimi, na kuna watu ambao ulimi ulitangulia kuzaliwa, wao wakaja baadaye wakiufuata. Wifi yake Fundi alikuwa wa kundi la pili. Mtaani walimwita Redio. Jina alilijua na wala halikumkera. Alisema afadhali redio inaleta habari kuliko nyinyi makabati. Alianza kabla maji ya chai hayajachemka, akaendelea mpaka taa zimezimwa, na zikishazimwa aliendelea kupitia ukutani, maana kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba na yeye aliamini kwamba mtu akinyamaza gizani ujue anasikiliza.

Alikuja kwa ndugu yake baada ya ndoa kumshinda, na begi moja na birika la umeme. "Ni kwa muda tu, wifi," alimwambia Fundi pale mlangoni. Akapewa kile chumba chenye dirisha kubwa, ambacho ndicho Fundi alichokuwa akishonea. Cherehani ikahamia sebuleni, katikati ya kochi na friji. Muda ukawa miaka.

Fundi hakuwa mshonaji wa magauni. Yeye alitengeneza nguo za kuzamia, zile za mpira mzito ambazo kuzivaa ni mieleka na kuzivua ni mieleka ya marudiano. Kituo cha kuzamia kule ufukweni kilimletea magunia kwa magunia: magoti yaliyochanwa na matumbawe, kwapa zilizoachia, zipu zilizokufa kwa chumvi. Aliosha kwanza, akapaka gundi, akasubiri ishike, ndipo akapitisha sindano juu juu isitoboe upande wa pili maji yakapata mlango. Na huko kuosha kwanza kulikuwa na sababu yake. "Mgeni akiwa kule chini akabanwa na haja ndogo, unadhani anaomba ruhusa?" alimuuliza mumewe siku moja. Mume, ambaye maji ya kuoga ndiyo maji pekee aliyoyaamini, alisogeza kochi mbali kidogo.

Pamoja na hayo yote, Fundi mwenyewe hakuwahi kuzama. Magoti ya watu ameyatibu wee, lakini bahari aliijua ya mchangani tu. Basi siku moja, wageni walipokuwa wachache, mwalimu wa kuzamia alikuja kuchukua mzigo wake. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti ya kukwaruza, hacheki ovyo. Akamtazama Fundi akikata uzi kwa meno na kumwambia, "Wewe unanidai shukrani. Njoo nikushushe kwenye mwamba, pale pa kina kifupi. Ila wanaoanza hushuka wawili wawili. Tafuta mwenzako."

Fundi alimgeukia mumewe.

"Mimi?" mume alisema. "Mimi na samaki tunakutana kwenye sahani, inatutosha."

Na kabla hajamaliza, Redio alikuwa ameshanyoosha mkono.

Sasa lazima ujue kwamba wakati huo Redio alikuwa mbioni kuondoka. Alikuwa amepata kazi katika mji mwingine, kwenye kikosi cha zimamoto, kupokea simu za watu wenye dharura. Usaili alishaupita, kilichobaki ni kupimwa afya na kuripoti. Mwenyewe alitembea nyumbani kama bi harusi. "Hatimaye mdomo wangu umepata mwajiri," alisema. Ndugu yake akamjibu, "Dada, pale wanakulipa usikilize." Wakacheka wote. Fundi alicheka kuliko wote, maana furaha zake zilikuwa mbili, moja ya kuonyesha na moja ya kuficha. Ile ya kuficha ilikuwa imeshapima dirisha kwa macho na kujua meza ya kukatia itakaa wapi.

Asije mtu akasema Fundi alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka ana vijimambo vyake. Yeye na wifi yake hawakuwahi kutukanana hata siku moja. Walipakuliana chakula, walisukana nywele, walizikiana siri ndogo ndogo. Lakini jaribu wewe kushona mstari ulionyooka huku mtu anakuhesabia majirani na makosa yao, kutwa, mwaka unaingia, mwaka unatoka.

Siku ya kushuka, mwalimu aliwasimamisha kwenye maji ya kiunoni, mitungi mgongoni, mikanda ya vipande vya risasi vya kuwazamisha kiunoni, na akawafundisha. Kwanza kupumua kwa mdomo, taratibu, bila kukata pumzi. Pili ishara, kwa sababu chini hakuna maneno: kidole gumba na cha shahada vikutane, maana yake niko salama, kiganja kikitikisika hivi, maana yake kuna tatizo, kisha onyesha penye tatizo. Tatu masikio.

"Masikio ndiyo bosi," mwalimu alisema. "Kila unaposhuka kidogo, bana pua, puliza polepole, sikio lizibuke. Likiuma, simama pale pale. Usilazimishe. Mwonyeshe mwenzako, na mwenzako anishtue mimi, nitakuwa mbele yenu. Na hakuna kupanda peke yako. Mwenzako ndiye macho yako, mmeelewa?"

Fundi alielewa. Redio naye alielewa, ila alikuwa na maswali. Samaki wanalala saa ngapi? Je, mtu akipiga chafya? Alikuwa akichomoa kipumulio kila baada ya pumzi mbili ili aseme jambo, mpaka mwalimu akakishika na kukirudisha mdomoni mwake kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akaangalia pembeni asije akaonekana anacheka.

Halafu wakashuka.

Jamani, kimya kile. Fundi hakutegemea. Alikuwa amejiandaa kuogopa, na kweli aliogopa mwanzoni, lakini pumzi ikatulia na hofu ikamwondokea. Sauti iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe ikivuta na kuachia, na mapovu yakipanda, na mchakacho mdogo mdogo kutoka kwenye mwamba. Jua lilifika mpaka chini na kuchezacheza juu ya mchanga. Matumbawe yalikuwa mengine ya matawi, mengine ya duara kama vichwa vya watu waliokaa mkutanoni, na yale makali aliyafahamu mara moja, akasema moyoni, kumbe ni nyie mnaonichania magoti. Samaki wadogo wa njano walimpisha na kurudi. Kundi la pono lilikuwa linatafuna mwamba, na aliwasikia kabisa, kra, kra, kama mtoto na muwa.

Na wifi yake alikuwa pale pembeni, karibu kuliko anavyokaa kwenye kochi, na hasemi neno. Hawezi. Mdomo umezibwa. Fundi aliona raha ambayo hakuwa ameionja tangu lile birika la umeme lilipoingia nyumbani kwake. Alitamani mwamba usiishe.

Walikuwa wanafuata mteremko, mwalimu mbele, wao nyuma, wakiendelea kushuka kidogo kidogo. Hapo ndipo Redio alipomgeukia na kunyoosha mkono. Kiganja kikatikisika. Kisha kidole kikaonyesha sikio la kushoto.

Fundi aliona. Hili tuliseme wazi, kwa sababu baadaye litazungushwa sana. Hakuwa mbali, maji hayakuwa na tope, miwani yake haikuwa na ukungu. Aliuona mkono, akakiona kidole, akayaona na macho ya wifi yake nyuma ya kioo, yamemtoka. Na alichowaza, kwa maneno haya haya, ni: hata huku? Hata huku chini umenifuata na habari zako? Akageuza shingo akawatazama pono.

Haikuwa muda mrefu, ni pumzi chache tu. Alijiambia, atasubiri kidogo, si ni sikio tu, atabana pua lizibuke. Akamtazama pono mmoja mwenye mdomo wa buluu akitema unga wa mwamba, na akalazimisha ile raha irudi. Haikurudi vizuri. Alipogeuka tena, Redio alikuwa anabingirika.

Alikuwa kichwa chini, miguu juu, mikono inatafuta pa kushika na kila inapopashika si penyewe. Fundi hajui alifikaje. Alimkamata mkanda wa begani, akamvutia kifuani, akakishikilia kipumulio kisimtoke mdomoni, na akakaa naye hivyo hivyo, wamekumbatiana kama hawajawahi, mpaka mwalimu alipogeuka, akawaona na kuja kuwapandisha.

Mchangani Redio alitapika, akalala kwa ubavu, dunia ikimzunguka. Uzi mwembamba wa damu ulitoka sikioni. Mwalimu alimfuta, akamfunika, kisha akamwangalia Fundi.

"Hakukuonyesha ishara?"

Fundi alikuwa na nafasi hapo. Maneno yalikuwa mafupi na mdomo ulikuwa wake.

"Sikuona," alisema.

Mwalimu akarudi kwa mgonjwa.

Na Redio, alipoweza kukaa, jambo la kwanza alilofanya ni kumshika Fundi mkono. "Umenishika, wifi," alisema. "Nilikuwa nimekwisha, ukanishika." Basi ikawa hiyo. Kwenye gari alimsimulia dereva, nyumbani alimsimulia ndugu yake, kesho yake majirani walikuja kumpa pole na kila mmoja akaipata yote, mwanzo hadi mwisho. "Mnamwona huyu?" alisema, akimwonyesha Fundi aliyekuwa anapitisha chai. "Bila huyu, leo mngekuwa mmekuja na nguo nyeusi." Wakamshangilia. Mumewe alimtazama kwa macho ambayo hakuwa amemtazama nayo tangu siku za uchumba. Fundi alirudi jikoni, akafungua bomba la maji ili wasimsikie, akasimama pale na trei tupu kifuani.

Unajua hatia ina ujinga wake. Inakufanya uwe mwema kwa namna inayokera. Fundi alianza kumpakulia wifi yake nyama kubwa kuliko ya mwenye nyumba. Akamfulia nguo. Akamletea mto. Akamwambia aongee tu, asijali, yeye anasikiliza. Redio akawa anamtazama kwa mashaka. "Wifi, hebu punguza," alisema. "Nimeumia sikio, si mguu." Na Fundi akainamia cherehani yake, na kila nguo aliyoitoa kwenye gunia ilikuwa na harufu ya kule chini, hata baada ya kuiosha mara ya pili.

Alijaribu kumwambia mumewe. Walikuwa wawili sebuleni, mume anakaza skrubu za mguu wa meza, na Fundi akaanza, "Kuna kitu kuhusu siku ile." Mume akainua uso. "Unajua," alisema, "mimi siku zote nilikuwa naogopa kwamba unamvumilia dada kwa ajili yangu tu. Sasa moyo umetulia." Akarudi kwenye skrubu zake. Baada ya hapo nani angeendelea? Wewe ungeendelea? Fundi alisema kitu kuhusu gesi ya jikoni inakaribia kuisha, na mume akasema ataleta.

Wakaenda kwa daktari wa masikio, yeye na wifi yake. Daktari alichungulia kwa kitaa chake, akasema ngoma ya sikio imepasuka lakini hiyo itaziba yenyewe. Kinachomtia wasiwasi ni ndani zaidi. "Ulipuliza kwa nguvu wakati sikio limeshabana," alisema. "Kwa nini? Kwani hawakukufundisha kusimama? Mwenzako alikuwa wapi?"

Fundi alikitazama kiatu chake.

"Mwenzangu ni huyu hapa," Redio alisema haraka. "Ndiye aliyenishika."

Kisha wakampeleka kwenye kile kichumba cha kioo. Walimvisha vipokea sauti masikioni, wakampa kitufe: akisikia mlio, hata mdogo namna gani, abonyeze. Fundi alikaa nje na mpimaji, mbele ya mashine. Kila mlio ulipotumwa, kitaa kidogo kiliwaka, hivyo yeye alijua na Redio hakujua. Sikio la kulia lilikwenda vizuri, taa na kidole, taa na kidole. Walipohamia la kushoto, taa ikawaka, kidole kimetulia. Ikawaka tena, kidole kimetulia. Uso wa Redio ukaanza kuelewa kwamba kimya kimezidi. Akabonyeza. Hapakuwa na mlio. Akabonyeza tena, akahesabu kidogo, akabonyeza, kama mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kukisia, na huku ameinamisha kichwa na kukunja uso, akiigiza usikivu kwa bidii zote. Mpimaji alishusha mikono kutoka kwenye mashine akasubiri amalize. Fundi alitaka kuvunja kile kioo.

Kikosi cha zimamoto kilimjibu kwa heshima kabisa. Kazi ile inahitaji masikio yote mawili, wakamtakia kila la heri. Redio alikuwa ameshafungasha begi; lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa chumba tangu wiki ya usaili. Fundi alipita na ndoo, akamwona amekaa kitandani anatoa nguo moja moja na kuzirudisha kwenye rafu. "Ni kwa muda tu, wifi," Redio alisema, bila kugeuka. Fundi akaenda na ndoo yake mpaka bafuni, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akalia hadi shingo ikauma.

Miezi ikaenda. Ngoma ya sikio ikaziba kama daktari alivyosema, na kusikia hakukurudi. Pakabaki mvumo, Redio alisema, kama friji inayofanya kazi kichwani. Na nyumba ikabadilika. Alikuwa hajui tena sauti yake iko juu au chini. Katikati ya habari alisimama na kumuuliza ndugu yake, "Napiga kelele?" na ndugu yake, ambaye zamani angezungusha vidole hewani kama anayepunguza redio, alisema, "Hapana, dada, endelea." Haendelei. Watu wawili wakiongea kwa pamoja alipotea, akawa anacheka wanapocheka. Ukutani hapakuwa na sauti tena. Fundi akashona mistari iliyonyooka sana, na kila mmoja ulimchoma.

Alimfundisha wifi yake kazi. Ilikuwa fikra yake mwenyewe, sehemu ya ule wema wake wa kukera, lakini ilifaa. Redio alikuwa na mkono mwepesi. Akawa anakata viraka vya magoti, anavipiga msasa ili gundi ishike, anampasia. Walikaa hivyo sebuleni mchana kutwa, magoti ya wageni katikati yao.

Ndipo mwalimu wa kuzamia alipokuja tena kuchukua mzigo. Alikunywa maji, akamwulizia Redio hali, kisha akamgeukia Fundi.

"Nina ombi," alisema. "Wanaoanza hawanisikilizi nikiwaambia habari ya mwenzako ndiye macho yako. Wanaona ni maneno ya kitabu. Njoo siku moja uwasimulie. Jinsi ulivyomshika huyu. Wakikusikia wewe watashika."

"Ataenda," Redio alisema. "Kwa nini asiende? Ni haki yake."

Mwalimu alibeba gunia lake akaondoka. Fundi alirudi kwenye kiti, akaweka mguu kwenye pedali, na mguu haukukanyaga. Alijiona amesimama mchangani mbele ya watu waliovaa nguo alizoziponya yeye, anawafundisha namna ya kumtazama mwenzako. Akajua kwamba akimeza na hili, hatalitapika tena maisha yake. Akahamisha kiti. Alikaa upande wa kulia wa wifi yake, upande unaosikia, karibu, ili asije akalazimika kusema mara mbili.

"Wifi," alisema. "Siku ile ulinionyesha sikio. Nikaona. Nikakugeuzia kisogo."

Redio alikuwa anakata kiraka. Mkasi uliendelea mpaka mwisho wa mstari wa chaki.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Tulitazamana, wifi. Miwani kwa miwani." Aliweka kiraka kwenye fungu. "Nikasema, atanigeukia sasa hivi. Nikaona nisimwache mwalimu atupotee, nikapuliza. Halikuzibuka, nikapuliza zaidi."

Fundi alimgeukia. "Siku zote hizi ulikuwa unajua? Na watu unawaambia nilikuokoa?"

"Si ulinishika? Ulinishika kweli. Hilo sikudanganya."

"Lakini lile lingine."

"Lile lingine ulilipanga wewe." Redio hakulisema kwa hasira, alilisema kama anayekumbusha mtu alipoweka ufunguo. "Nilikuwa nimelala pale mchangani nikakusikia unamwambia mwalimu hukuona. Sikio hili lilikuwa zima. Nikajua basi, hadithi ndiyo hiyo. Mimi nije na nyingine, halafu jioni nilale wapi?"

"Hapa. Kwa ndugu yako."

"Kwa ndugu yangu," Redio alirudia. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mzima kwa mtoto. "Wifi, hebu tusidanganyane. Ndugu yangu ana jina kwenye mlango. Humu ndani ni kwako, na wewe hunitaki, tangu zamani hunitaki. Sikulaumu. Mimi naongea sana, najua. Nilikuwa nikinyamaza nasikia unavyopumua kwa kuchoka, nikaona bora niongee."

Fundi aliinamisha uso kwenye mikono yake iliyonuka gundi. Alisema leo leo atamwambia mumewe, akirudi tu, kila kitu, na atakwenda kwa mwalimu amwambie, na majirani, mmoja mmoja.

"Usimwambie," Redio alisema.

"Lazima nimwambie."

"Usimwambie. Atakasirika, atapiga kelele, utalia, na wagombanao ndio wapatanao. Mtapatana. Ila mimi nitakuwa nimeshakuwa mtu aliyewagombanisha, na mtu wa hivyo hakai kwenye nyumba ya watu. Kwa mwalimu nenda ukawasimulie hiyo hiyo. Mimi imeniweka humu ndani, na wewe imekupendeza. Iache."

Alichukua goti jingine, akalipindua kutafuta mchano, akalishika hivyo bila kulikata. Kisha akageuza kichwa chake ili lile sikio zima limwelekee Fundi vizuri, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na hofu.

"Lakini mbona umeniambia leo? Mnakitaka chumba?"

Fundi alisema hapana, haraka, akamshika magoti. "Hapana, wifi, hapana. Kaa. Kaa muda wowote unaotaka."

"Asante," Redio alisema. "Asante sana, wifi." Na akaanza kukata.